Ladakh: panga safari kwa mwinuko, anza sehemu za chini umalizie za juu

Ukisikia Ladakh, ile India ya kaskazini kabisa iliyobanwa kati ya Pakistan na Tibet, kitu cha kwanza unachofanya ni kufungua simu na kuangalia picha za ziwa Pangong, maji ya bluu utadhani yamepakwa rangi, milima ya kahawia nyuma yake, na hapo hapo unasema mimi nikishuka tu kwenye ndege naenda huko. Nakuomba usifanye hivyo. Nimeenda Ladakh mara mbili, mara ya kwanza tulipanga kwa macho, yaani penye picha nzuri ndo panatangulia, na ilitugharimu, mara ya pili tukapanga kwa mwinuko, sehemu za chini kwanza na za juu mwishoni, na sikupoteza hata siku moja kitandani. Kwa hiyo sehemu zote nitakazotaja hapa nazitaja kwa mfuatano wa kwenda, usiruke.

Sababu ni hii. Mji wa Leh, ambao ndo lango la kila kitu, upo kama mita 3,500 kutoka usawa wa bahari, na ndege kutoka Delhi inakufikisha ndani ya saa moja na nusu hivi. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa haraka, pale usiku wa kwanza unalala Mandara mita 2,720, wa pili unalala Horombo mita 3,720, yaani mwili unapewa siku mbili nzima za kutembea pole pole kufika kimo ambacho Leh wewe unakifikia umekaa kwenye siti umefunga mkanda. Hewa ya pale oksijeni yake ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Na ubaya wake ni kwamba haikuambii mapema, unatoka uwanja wa ndege uko mzima kabisa, unaburuta begi, unapanda ngazi za gesti mbili mbili, saa sita baadaye kichwa kinaanza kugonga na chakula hukitaki.

Mara ya kwanza sisi siku ya pili tu asubuhi tukawa kwenye gari la Pangong. Dereva alituuliza mara mbili kama tumepumzika, tukamwambia ndiyo. Tukavuka Chang La, njia inayokatiza juu ya mlima, zaidi ya mita 5,300, tukashuka tukalala Spangmik pembeni ya ziwa, ambako bado ni zaidi ya mita 4,200. Usiku wa manane mwenzetu akaanza kutapika, baadaye akawa anaongea maneno hayafuatani, anatuuliza tuko wapi, tukimjibu anauliza tena. Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna anayekuambia ukinunua safari: dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, lakini kutoka Pangong kurudi Leh lazima upande kwanza, urudi tena Chang La juu kuliko ulipolala, ndo uanze kushuka. Dereva alijua, hakutupeleka huko, akatushusha kwanza Tangtse, ambako ni chini kidogo ya mita 4,000, mgonjwa akawekwa kwenye oksijeni hadi kulipokucha. Alipona. Ila ile safari ya usiku, taa za gari zinamulika mawe matupu na mtu anahema kama amekimbia, sitaki mtu mwingine aipitie kwa ajili ya picha.

Basi siku ya kwanza na ya pili ni Leh, na kazi yako ni kutofanya kitu. Namaanisha hivyo. Ukifika lala, kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, pombe acha kabisa, vidonge vya usingizi acha, chakula kiwe chepesi, na kule kuna thukpa, supu ya tambi na mboga au nyama, bakuli moja ya moto inatosha na inashuka vizuri hata kama hamu ya kula imepotea. Kuna watu wanaanza vidonge vya acetazolamide, wengi wanavijua kwa jina la Diamox, siku moja kabla ya kuruka, vinasaidia mwili kuzoea haraka, lakini ongea na daktari kwanza hasa kama una aleji ya dawa za salfa, na ujue vitakufanya uende chooni mara nyingi na vidole vitakuwa vinawasha kama ganzi. Kichwa kuuma kidogo usiku wa kwanza ni kawaida. Kisicho kawaida ni mtu kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, kikohozi kisichoisha au kuhema akiwa amekaa tu. Njia rahisi ya kumpima mwenzako ni kumwambia atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, akishindwa hapo msijadiliane, hospitali, na msipande tena juu.

Jioni ya siku ya pili kama uko sawa toka taratibu uende Main Bazaar, barabara ya waenda kwa miguu, akina mama wamekaa chini pembeni wanauza mboga na aprikoti. Ikulu ya zamani ya Leh inaonekana juu ya mji, ghorofa tisa za udongo, mawe na mbao, ilijengwa karne ya 17 wakati wa mfalme Sengge Namgyal, nenda kaione alasiri ya siku ya tatu, jua likishapungua ukali. Shanti Stupa, kuba jeupe lililojengwa na Wabudha wa Japani likafunguliwa 1991, ni la machweo, na lina ngazi zaidi ya 500 kutoka chini kwa hiyo safari hii chukua gari mpaka juu, hakuna anayekupa medali kwa kupanda.

Hizo siku mbili za kulala ndo pia siku za makaratasi, na hili limekaa vizuri sana, wewe unapumzika wakala anahangaika. Mgeni asiye Mhindi anahitaji kibali maalumu kwenda bonde la Nubra na maziwa ya Pangong na Tso Moriri, na hakiombwi na wewe mwenyewe, kinapitia kwa wakala wa safari aliyesajiliwa, unampa pasipoti na viza yako anakurudishia karatasi. Kwa utaratibu kibali kinatolewa kwa watu kuanzia wawili, ukiwa peke yako mwambie mapema akuunganishe na wengine. Kikishatoka kitoe kopi nyingi, kumi si nyingi, manake kila kizuizi barabarani askari wanabaki na kopi moja. Na kabla hujafika huko kote, kama unatoka nchi yenye homa ya manjano hakikisha kadi ya chanjo ipo mkononi, India hawana mchezo na hiyo kadi, bila hiyo unaweza kuwekwa karantini siku kadhaa ukifika tu na safari yako ikaishia hapo.

Simu nayo. Laini ya prepeidi uliyosajili Delhi au kwingine India haifanyi kazi Ladakh, ni suala la usalama wa mpaka, zinazofanya kazi ni za postipeidi au zilizosajiliwa huko huko. Wageni wengi tunategemea waifai ya gesti, na ukishatoka Leh mtandao ni wa kubahatisha. Pakua ramani mapema, waambie watu wa nyumbani kwamba utapotea siku mbili tatu wasianze kulia. Pesa pia toa Leh, ATM zipo, huko mbele beba rupia taslimu na noti ndogo ndogo.

Siku ya tatu fuata mto Indus kwenda mashariki, hapa barabara ni nzuri na huongezi mwinuko wowote wa kutisha. Kuna Shey, ikulu ya zamani, kuna Thiksey kama kilomita 19 kutoka Leh, na kuna Hemis kama kilomita 45. Hizi mbili za mwisho ni gompa, ndivyo wanavyoita makao ya watawa wa Kibudha. Ukiambiwa uchague moja chagua Thiksey, na uifuate alfajiri, siyo saa tano na mabasi ya watalii. Sisi tulifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, bado baridi, watawa wawili wamesimama juu ya paa wanapuliza tarumbeta ndefu, sauti nzito inashuka mpaka kwenye mashamba ya shayiri kule bondeni. Ndani ya ukumbi wa sala unavua viatu, unakaa ukutani kwenye zulia, hakuna anayekusumbua. Wazee wanasoma kwa sauti ya kifuani, wengine wanatikisa kengele, na vile vitawa vidogo, watoto wa miaka kama minane hivi, vinakimbia peku na mabirika makubwa kumwaga chai kwenye vibakuli. Ni chai ya siagi na chumvi. Ukiipokea ukitegemea chai itakushinda, ipokee kama supu utaipenda. Mzee aliyekuwa karibu yangu alimimina unga wa shayiri iliyokaangwa ndani ya bakuli lake, akaufinyanga na chai kwa kidole kimoja mpaka ukawa donge, akala, akaendelea kusoma, hata hakugeuka. Kifungua kinywa ndo hicho. Halafu usiondoke bila kuingia chumba cha Maitreya, Buddha anayengojewa kuja, sanamu ya mita 15 hivi inayochukua ghorofa mbili, wewe unaingilia juu kwa hiyo unakutana na uso kwanza, uso wenyewe umetulia mno. Iliwekwa kwa kumbukumbu ya ziara ya Dalai Lama wa 14, kiongozi wa kiroho wa Wabudha wa Tibet, mwaka 1970.

Hemis ni kubwa na tajiri zaidi lakini imejificha kwenye korongo, nzuri zaidi wakati wa sikukuu yake ya siku mbili, inayofuata kalenda ya mwezi na kuangukia Juni au Julai, watawa wanacheza na vinyago uani kumkumbuka Padmasambhava, mwalimu anayesifiwa kwa kuleta Ubudha Tibet. Ukiweza kulenga tarehe hizo lenga, ila buku chumba mapema sana.

Siku ya nne na ya tano geuka magharibi, barabara ya kwenda Srinagar, mji wa Kashmir. Watu wengi wanairuka sehemu hii ili wawahi maziwa na mimi naona ndo kosa kubwa baada ya lile la Pangong, kwa sababu kijiji cha Alchi kipo kama mita 3,100 tu, yaani chini ya Leh, ukilala huko mwili unapumua, usingizi unarudi. Njiani utapita Nimmu panapokutana mto Indus na Zanskar, unaziona rangi mbili za maji zinatembea pamoja kabla hazijachanganyika, simama dakika kumi.

Alchi kwa nje haina kitu. Gompa nyingi za Ladakh zimekaa juu ya mwamba zinaonekana toka mbali, hii iko chini bondeni katikati ya miti ya aprikoti, majengo mafupi ya udongo, unaweza kupita usijue. Ndani kuna michoro ya ukutani ya miaka kama 800 au 900 iliyopita, imechorwa kwa mkono wa mafundi wa Kashmir, na imebaki kwa sababu eneo lenyewe halipati mvua ya maana na pia ibada za kila siku zilihamia kwingine karne nyingi zilizopita, moshi wa taa za siagi haukupata muda wa kuila. Ingia jengo la ghorofa tatu linaloitwa Sumtsek. Kuna sanamu tatu kubwa zimesimama, vichwa vimepenya mpaka ghorofa ya pili huvioni ukiwa chini. Usiangalie juu kwanza. Chuchumaa, washa tochi ndogo (bila flashi, na picha ndani haziruhusiwi), angalia shuka la ile ya Avalokiteshvara, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, kuanzia kiunoni mpaka miguuni pamechorwa majumba, mahekalu, watu wamekaa barazani, wapanda farasi, kila kimoja si kikubwa kuliko kiganja. Nilikaa pale mpaka magoti yakauma. Mtu aliyechora vile alijua kwamba wengi watapita wakiangalia uso.

Lala Alchi, kesho yake nenda Lamayuru, kama kilomita 60 mbele, gompa juu ya milima ya udongo wa njano iliyochimbika kama uso wa mwezi, na ndivyo wanavyopaita, nchi ya mwezi. Udongo ule ulikuwa sakafu ya ziwa la kale. Fika asubuhi au alasiri, mchana jua linafuta vivuli vyote panakuwa kama ukuta mtupu. Rudi Leh kulala.

Sasa siku ya sita na kuendelea unaweza kwenda Nubra. Utavuka Khardung La, ambayo kwa miaka mingi kibao chake kilijitangaza kuwa barabara ya magari ya juu kuliko zote duniani na kuandika mwinuko usio wa kweli, kipimo sahihi ni kama mita 5,359, na barabara za juu zaidi zipo hapo hapo Ladakh. Haidhuru, ni juu sana, oksijeni ni kama nusu ya pwani. Shuka kwenye gari, piga picha yako, kunywa chai, robo saa inatosha ondoka. Usikimbie wala usicheze na theluji pale, nimeona kijana anarushiana theluji na wenzake akakaa chini ghafla midomo imebadilika rangi.

Habari njema ni kwamba unashuka upande wa pili mpaka mita 3,100 hivi, kwa hiyo Nubra unalala chini kuliko Leh, ndo maana inatangulia Pangong. Diskit kuna gompa ya zamani na sanamu ya Maitreya ya mita 32 inayotazama bonde. Hunder kuna vilima vya mchanga, jangwa dogo lililozungukwa na milima yenye theluji, na ngamia wa nundu mbili, wazao wa wale waliobeba mizigo ya misafara kwenda Asia ya Kati. Kupanda ngamia ni uamuzi wako, mimi niliona foleni ndefu na wanyama wamechoka, nikatembea kwa miguu mpaka mwisho wa mchanga ambako hakuna mtu.

Ukiwa na usiku wa ziada upeleke Turtuk. Ni kijiji cha mwisho mwisho kabla ya mpaka, watu wake ni Wabalti, Waislamu, lugha na nyumba na mapishi ni tofauti na Leh. Mpaka vita vya Desemba 1971 kilikuwa upande wa Pakistan, watu walilala huko wakaamkia India, na familia zilizogawanyika siku zile nyingi hazijakaa meza moja tena. Wageni waliruhusiwa kuanza 2010. Mwenyeji wetu alituonyesha kijumba cha mawe nyuma ya nyumba, hakina umeme, upepo baridi unapita kwenye nyufa za mawe na ndani maziwa, siagi na nyama vinakaa majira yote ya joto. Niliingiza mkono mwezi wa nane, nje jua linachoma, ndani baridi kama friji. Tembea kwa adabu pale, vaa nguo za kujifunika, ukitaka kumpiga mtu picha omba kwanza, hasa akina mama walioko shambani.

Kutoka Nubra usirudi Leh, kuna njia inayofuata mto Shyok mpaka Durbuk na Tangtse na inakutoa Pangong bila kuvuka tena njia kubwa ya juu ya mlima, saa tano sita za mawe na vumbi. Muulize dereva asubuhi ile ile kuhusu hali ya mto, maji yakipanda mchana kipindi cha joto vipande vya barabara vinamezwa, kwa hiyo mnaondoka mapema.

Na hapa sasa, siku ya nane au ya tisa, ndo Pangong. Ziwa lina urefu wa kama kilomita 134, sehemu kubwa iko upande unaoshikiliwa na Uchina, maji yake yana chumvi na bado wakati wa baridi yanaganda. Sehemu ya kwanza unayofika imejaa vibanda, pikipiki za kupigia picha na viti vya rangi, yote kwa sababu ya filamu moja ya Kihindi ya 2009 iliyopigwa pale, na sina ugomvi na watu wanaotafuta riziki, ila wewe mwambie dereva asonge mbele, pita Spangmik, nenda hadi Man au Merak kama kibali chako kinaruhusu, kuna familia zinapokea wageni nyumbani kwao. Hema za kando ya maji zinavutia kwenye picha lakini upepo wa usiku unazitikisa mpaka hulali, nyumba ya udongo yenye jiko katikati ni bora mara kumi. Rangi ya maji inabadilika kila wingu linapopita. Saa kumi na mbili asubuhi ni kijivu tupu halafu jua likigusa ukingo wa ng'ambo bluu inatembea kuja kwako kama mtu anavuta shuka. Kaa usiku mmoja, ukiwa umepitia njia yote hii utalala.

Kama una siku tatu zaidi nenda Tso Moriri, na hii ndo ya mwisho kwa sababu ndo ya juu, kijiji cha Korzok kando yake kipo zaidi ya mita 4,500. Kwa mgeni njia ya kawaida ni kurudi Leh kulala, kesho yake kufuata Indus kupitia Upshi na Chumathang, kule maji ya moto yanachemka pembeni ya mto wenyewe, halafu unavuka daraja la Mahe. Ni ziwa la ardhi oevu linalolindwa kwa mkataba wa Ramsar, ndege aina ya korongo wa shingo nyeusi wanazaliana huko majira ya joto, wafugaji wa Changpa wanahama na mbuzi wanaotoa ile sufu laini ya pashmina. Hakuna vibanda vya picha. Ukiwaona korongo baki kwenye gari au mbali, wakiruka wameacha mayai.

Kuhusu muda wa kwenda, barabara ya Manali, ile inayotoka kusini jimbo la Himachal, kwa kawaida inafunguka kati ya mwezi wa tano na wa sita na kufungwa mwezi wa kumi na kitu, ya Srinagar inawahi kidogo kufunguka. Mwezi wa tisa ndo chaguo langu, watu wamepungua, anga safi, shayiri imekomaa. Wa saba na wa nane kuna joto zuri ila mvua zikipiga upande wa Himachal barabara ya Manali inakatika kwa maporomoko. Ukiweza kuja kwa barabara kutoka Srinagar kuliko ndege fanya hivyo, unalala Kargil, karibu mita 2,700, mwili unaanza kuzoea mapema. Njia ya Manali ni nzuri kwa macho lakini inakulaza Sarchu, zaidi ya mita 4,200 usiku wa kwanza, ile itumie kutokea, siyo kuingilia.

Gari chukua la Leh lenye namba za Ladakh. Chama cha madereva kina bei zilizochapishwa kwa kila njia, omba uione karatasi, halafu mgawane watu wanne, ubao wa matangazo wa mawakala umejaa watu wanaotafuta wenzao wa kushea. Pikipiki uliyokodi Manali hutaruhusiwa kuzungukia Nubra na Pangong, utakodi nyingine Leh.

Mambo ya adabu ni machache. Neno moja, julley, linatosha kwa habari, asante na kwaheri, litumie kwa kila mtu. Stupa, yaani makuba ya ibada kama lile la Shanti, kuta za mawe yenye maandishi ya sala na magurudumu ya sala unayazunguka ukiyaweka mkono wako wa kulia. Choo cha kienyeji ni tundu kwenye sakafu na rundo la udongo na koleo pembeni, ukimaliza mwaga udongo, hakina harufu na mwakani ile ndo mbolea ya shamba. Maji yao yanatoka kwenye theluji na Leh inapata kama milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, hivyo ndoo moja ya kuoga inatosha, na chupa yako ijaze maji yaliyochemshwa hapo gesti badala ya kununua plastiki ambayo hakuna pa kuitupa.

Acha siku moja tupu mwishoni ukiwa Leh. Ndege nyingi zinaruka asubuhi kwa sababu mchana upepo unachafuka, na wingu likishuka zinafutwa zote, kwa hiyo usiunganishe na ndege ya kimataifa siku hiyo hiyo. Hali ya hewa ikiwa nzuri siku yenyewe itumie sokoni kununua aprikoti zilizokaushwa, uliza zile za mbegu nyeupe wanazoziita Raktsey Karpo. Mama mmoja aliipasua kokwa mbele yangu kwa jiwe akanipa mbegu ya ndani niionje kabla sijalipa, tamu kama lozi, nikabeba kilo mbili.